"Si Wataruka Tu Waende Kwingine?" Hesabu ya Ndege na Tope la Bandari

Ndege wakitajwa kwenye mjadala wa kupanua bandari, hachelewi kutokea mtu wa kusema: ndege wana mabawa, tukiwasumbua hapa wataruka waende kwingine. Wenzake huitikia kwa kichwa, mazungumzo yakarudi kwenye kina cha mkondo na urefu wa gati. Mimi simlaumu sana mtu huyo, maana nusu ya aliyoyasema ni kweli tupu. Mnamo Oktoba 2022, limosa mmoja kinda, ndege wa matope mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda juu, aliondoka Alaska akiwa na umri wa miezi mitano hivi na kifaa cha setilaiti mgongoni. Siku 11 baadaye alitua Tasmania, kusini mwa Australia, baada ya kuruka kilomita zipatazo 13,560 bila kutua hata mara moja. Njia nzima hakula, hakunywa. Ndege wa namna hiyo utamwonea huruma ya nini kwa sababu ya hekta chache za tope zilizofukiwa kupisha yadi ya kontena?

Kasoro iko kwenye nusu ya pili ya ile kauli. Neno "kwingine" limekaa pale kana kwamba pana mahali patupu panapowangoja. Ukilifumua neno hilo moja, sehemu kubwa ya mgogoro wa ndege na bandari inafumuka pamoja nalo.

Meli na tope hutaka maji yaleyale

Bandari nzuri ya asili ni mahali ambapo bahari imetulia: nyuma ya rasi, ndani ya hori, mdomoni mwa mto. Nahodha anapapenda kwa kuwa mawimbi ya nje hayamfikii. Udongo unaoletwa na mto na mikondo nao hupapenda kwa sababu hiyohiyo. Chembe laini ambazo huko nje zingevurugwa na mawimbi, hapa zinapata utulivu wa kuzama na kutua, na mwaka baada ya mwaka zinajenga uwanda wa tope unaofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa. Basi si bahati mbaya kwamba gati na ndege hukutana mahali pamoja. Wanachotofautiana ni kina. Meli inataka maji marefu, ndege anataka maji ya kuvuka kwa miguu.

Kwa anayetazama kutoka ukingoni, uwanda huo ni mtupu, unanuka kama yai viza, na haishangazi kuona ramani za mipango zikiuchora kama ardhi iliyosahauliwa. Shuka uchuchumae. Utaona vilima vidogo vya tope lililosokotwa kama tambi: hicho ni kinyesi cha mnyoo aliyejichimbia chini. Utaona vitundu viwiliviwili, ndipo kombe aliyezama anapovutia na kutolea maji. Pembeni kaa wadogo wamesimama mlangoni mwa mashimo yao, na kivuli chako kikiwafikia wote wanatoweka kwa mpigo mmoja. Katika mita moja ya mraba ya tope zuri wanaweza kuwamo wanyama wadogo maelfu, wengi wao hawazidi punje ya mchele.

Ghala hili lina ghorofa, na mdomo wa ndege ndio unaoamua anafika ghorofa ipi. Sululu, ambaye mdomo wake umepinda kama ile zana tunayochimbia, anauzamisha wote na kumng'oa mnyoo aliyejificha chini kabisa. Vitwitwi wa mdomo mfupi na macho makubwa hukimbia hatua tano, wakasimama, wakatazama, wakadonoa. Wao huwinda kwa macho, na chakula chao ni kile kinachojitokeza juu. Kati ya hawa wawili yuko Calidris canutus, ndege mnene kiasi wa ukubwa wa ngumi, ambaye mbinu yake ilipogunduliwa iliwashangaza hata waliokuwa wamezoea maajabu ya ndege. Anachoma ncha ya mdomo mara nyingi kwenye tope lililolowa. Kila mchomo unasukuma maji yaliyo kati ya chembe, na palipo na kitu kigumu kama kombe, msukumo huo unarudi kwa namna tofauti. Ncha ya mdomo ina vihisio vya kuipima tofauti hiyo. Anamjua kombe asiyemwona wala kumgusa. Kisha anammeza mzimamzima na gamba lake, na firigisi inalisaga.

Halafu kuna chakula ambacho kwa muda mrefu hata wataalamu hawakukihesabu. Ule mng'ao wa kahawia juu ya tope ni utando wa mwani mdogo sana uitwao diatomu, pamoja na bakteria, waliogandana kwa ute. Huko Roberts Bank, kwenye delta ya mto Fraser karibu na bandari ya Vancouver nchini Kanada, watafiti walibaini katika miaka ya 2000 kwamba vitwitwi wadogo wa Calidris mauri, wenye uzito wa gramu 30 hivi, huulamba utando huo kwa ulimi wenye vinyweleo, na kwamba karibu nusu ya chakula chao pale hutoka humo. Ndege mwenye uti wa mgongo anayelamba tope kama konokono! Nimelitaja mapema kwa sababu tutalirudia: utando huo ni rahisi kuachwa nje ya ramani za mradi, na bado ndio mafuta ya safari ya kwenda Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, wanakozaliana.

Hekta za mhandisi, saa za ndege

Mradi ukisema utafukia asilimia kumi ya tope, masikio yetu yanasikia kwamba asilimia tisini imesalimika. Hapo ndipo hesabu inapoanza kupotoka. Ndege hali hekta. Anakula saa ambazo hekta hizo ziko wazi.

Maji hupwa na kujaa, na katika pwani nyingi hufanya hivyo takribani mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa sana na kujaa sana. Wakati wa maji mafu hayapwi wala hayajai sawasawa: tope la chini kabisa halifunuki, na ndege analazimika kuishi kwa tope la kati na la juu. Hata siku za kawaida, tope la juu karibu na nchi kavu ndilo linalofunuka kwanza na kufunikwa mwisho. Ndilo linalompa ndege ile saa ya ziada kabla na baada, wakati kwingine kote kumefunikwa.

Sasa tope gani hufukiwa kwanza? La juu. Ndilo lililo karibu na barabara, lina maji mafupi, na linahitaji kifusi kidogo. Asilimia kumi ya eneo inaweza kubeba sehemu kubwa zaidi ya saa za kula, hasa siku za maji mafu, na hakuna jedwali la hekta litakaloonyesha hivyo. Uchimbaji wa kuongeza kina nao unakula kutoka upande wa pili: mkondo ukichimbwa, kingo zake huwa na mteremko mkali na tope la jirani huweza kumomonyoka kuingia shimoni. Ukuta wa bahari ukisimama nyuma na usawa wa bahari ukipanda mbele, uwanda hauna pa kurudi nyuma. Unabanwa katikati kama mtu aliyefungiwa kati ya mlango na ukuta.

Saa hizo ndege anazihitaji zote. Wengi wao hula mchana na usiku, wakifuata maji badala ya jua. Anayejiandaa kwa safari ana mzigo wa pili, kujilimbikizia mafuta. Limosa wa Alaska wanapoondoka, zaidi ya nusu ya uzito wao huwa ni mafuta, na kabla ya kuruka matumbo, ini na firigisi husinyaa ili kupunguza mzigo usio na kazi angani. Akifika kituoni amechakaa, tumbo lake bado dogo, na lazima alijenge upya huku akila. Kwa ndege wa hali hiyo wiki mbili za chakula hafifu ni jambo zito. Zinaweza kuamua kama ataondoka kwa wakati, na kama akifika Aktiki atakuwa na nguvu ya kutaga.

Kuna nusu nyingine ya siku inayosahaulika kabisa. Maji yakijaa, ndege wote hao huhitaji pa kusimama pakavu, peupe, pasipo paka wala mbwa, penye upeo wa kumwona mwewe mapema. Hapo ndipo hulala na kusaga walichokula. Mara nyingi pahali hapo si pa kuvutia hata kidogo: kingo za mashamba ya chumvi, fungu la mchanga, kifusi cha uchimbaji wa mwaka juzi, kiwanja kitupu nyuma ya maghala. Kwa kuwa wapimaji wengi huja maji yakiwa yamepwa, kiwanja hicho hakiandikwi popote, kisha kinajengwa. Tope limebaki lote, na ndege wanaondoka. Kwenda na kurudi kutoka malazi ya mbali, mara mbili kwa kila siku, kunachoma mafuta yaleyale waliyotoka kuyatafuta.

Kwingine kuna wenyewe

Cardiff, mji mkuu wa Wales, ulikuwa na ghuba yenye hekta zipatazo 200 za tope. Mwaka 1999 lango la ghuba lilifungwa kwa ukuta ili kupata ziwa la maji baridi, na kando yake pakainuka hoteli, ofisi na makazi. Tope halikufunuka tena. Kwa bahati, watafiti walikuwa wameshawavisha pete za rangi ndege wa Tringa totanus, kitwitwi mkubwa mwenye miguu myekundu, kwa hiyo waliweza kumtambua kila mmoja na kuuliza swali ambalo kwa kawaida halina jibu: walikwenda wapi, na wakawaje?

Wengi walikwenda kilomita chache tu, kwenye mdomo wa mto Rhymney. Mpaka hapo yule mtu wa mabawa angekuwa ameshinda mjadala. Lakini Rhymney haikuwa tupu. Ilikuwa na ndege wake, wanaojua kila pembe na wasio tayari kusogea. Wageni walionekana wamepungua uzito majira ya baridi ya kwanza, na uwezekano wa ndege aliyekomaa kumaliza mwaka akiwa hai ulishuka kutoka takribani asilimia 85 hadi 78.

Asilimia saba inasikika ndogo, kwa hiyo tuigeuze. Vifo vilipanda kutoka 15 hivi katika kila ndege 100 hadi 22, ongezeko la karibu nusu. Ukichukua ndege 100 kwa kiwango cha kwanza, baada ya miaka mitano watabaki 44. Kwa kiwango cha pili watabaki 29. Na hawa ni ndege ambao maisha yao yote yanategemea mkubwa aliyekwisha kuzoea njia aishi miaka mingi, kwa sababu makinda wengi hufa mapema. Zaidi ya hapo, hakuna mzoga hata mmoja uliohitaji kuanguka kwenye eneo la ujenzi. Kifo kilitokea majira mengine, kwenye tope lingine, bila shahidi. Kama si zile pete za rangi, kumbukumbu ya mradi ingesema kwamba ndege walihama salama.

Kikubwa kuliko Cardiff ni Saemangeum, pwani ya magharibi ya Korea Kusini, ambako ukuta wa kilomita 33 ulifungwa Aprili 2006 na kukata takribani kilomita za mraba 400 za tope na maji mafupi kutoka kwa bahari. Hapo palikuwa kituo cha njiani cha Calidris tenuirostris, anayeishi Australia na kuzaliana Siberia. Waliohesabu ndege kabla na baada waliona makumi ya maelfu ya ndege hao wakitoweka. Dhana ya mabawa ilidai wajitokeze kwenye ghuba jirani. Ghuba jirani hazikuwapokea. Wakati huohuo hesabu za Australia, upande wa pili wa dunia, zilishuka, na mwaka 2015 spishi hiyo iliwekwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Mtu aliyekuwa akilinda fukwe za Australia kwa uaminifu wote alipoteza ndege wake bila kosa lolote kutokea ufukweni kwake. Pwani za Bahari ya Njano kwa jumla zilikuwa zimepoteza hadi asilimia 65 ya tope lao kwa miaka 50 hivi, kwa hiyo kila ukuta mpya ulikuwa unafunga mlango ambao tayari foleni yake ilikuwa ndefu.

Madhara yasiyo na ukuta

Kufukia kunaonekana. Mengine huja kimyakimya, na baadhi yamevaa sura nzuri.

Usumbufu ni mmojawapo. Mtu mmoja akitembea na mbwa kwenye tope huwarusha ndege elfu, wanazunguka, wanatua, wanaanza upya. Je, kuna ubaya? Inategemea, na jibu zuri nililowahi kuliona lilitoka ghuba ya Somme, Ufaransa, kuhusu ndege wanaokula chaza. Katika majira ya baridi yenye chakula tele wangeweza kurushwa mara moja hadi moja na nusu kwa saa bila kupungukiwa. Chakula kikiwa haba, kikomo kilishuka hadi kati ya mara 0.2 na 0.5 kwa saa, yaani mara moja kila saa mbili hadi tano. Boti ileile, mbwa yuleyule. Mwaka jana havikudhuru, mwaka huu vinaua. Wanaodai usumbufu hauna madhara na wanaodai kila usumbufu ni maafa huenda wote walikuwa wamesimama ghuba moja, miaka tofauti.

Mafuta hayahitaji maelezo mengi: manyoya yakilowa hayazuii baridi wala maji. Mfano unaofaa kukumbukwa ni wa Juni 2000, meli ya madini ya chuma iitwayo Treasure ilipozama karibu na Cape Town, kati ya visiwa vya Robben na Dassen. Pengwini wapatao 19,000 walipakwa mafuta na kusafishwa mmoja mmoja, na zaidi ya tisa katika kila kumi walirudi baharini. Wengine 19,500 hivi walikuwa bado safi, na hapo watu wakafanya jambo la akili sana. Waliwakamata, wakawapeleka kwa malori hadi Port Elizabeth, kilomita zipatazo 800 mashariki, wakawaachia. Pengwini hurudi kwao. Watatu waliofungwa vifaa vya setilaiti, wakaitwa Peter, Pamela na Percy, walifuatiliwa wakiogelea kurudi nyumbani, na muda waliotumia njiani ndio muda uliotumika kuyaondoa mafuta.

Maji hayohayo ya Port Elizabeth, yaani ghuba ya Algoa, yalikuja kutoa somo jingine. Kisiwa cha St Croix kilikuwa na koloni kubwa kuliko yote ya pengwini wa Afrika. Kuanzia 2016 ghuba ikawa kituo cha meli kujaziana mafuta baharini, meli zikaongezeka, na kelele chini ya maji zikaongezeka maradufu. Koloni likaporomoka. Samaki nao walikuwa wamepungua, kwa hiyo si haki kuitwisha kelele lawama yote. Ila pengwini huwinda chini ya maji, na mahali palipokuwa kimya pakawa na ngurumo ya injini usiku na mchana. Mwaka 2024 spishi hiyo iliingizwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka.

Halafu kuna mimea. China ilileta nyasi za Spartina alterniflora mwaka 1979 kutoka Marekani ili zishike udongo wa pwani. Zilishika udongo kweli, na zikashika pia tope walipokula ndege, zikisimama urefu wa mtu mahali ambapo kitwitwi anahitaji uwanda mweupe. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mpango wa taifa wa kuzing'oa. Najua nitakalolisema sasa halitawafurahisha wengi wetu tunaopenda mikoko: kupanda mikoko palipokuwa na mikoko ni kazi njema, lakini kuipanda katikati ya tope tupu, kwa sababu tu panaonekana patupu na picha itatoka vizuri, ni kufukia bahari kwa rangi ya kijani. Katika baadhi ya bandari za New Zealand mikoko imeenea yenyewe juu ya udongo uliomomonyoka kutoka mashambani na misituni, na kula uwanda wa limosa walewale wanaotoka Alaska.

Maji yanayobebwa na meli ili zitulie yamehamisha kombe, kaa na mwani kutoka bandari moja hadi nyingine kwa miongo mingi. Mkataba wa kimataifa wa kuyadhibiti ulipitishwa 2004 na kuanza kutumika 2017.

Na kabla hujaanza kuona bandari kama jehanamu ya ndege, twende Grangemouth, Scotland, kwenye mitambo ya mafuta kando ya mlango wa mto Forth. Watafiti walifuatilia Tringa totanus usiku na kukuta kwamba waliokuwa chini ya mwanga wa mitambo walikula kwa muda mrefu zaidi, tena kwa macho, badala ya kupapasa gizani. Taa za kiwanda ziliwafaa. Ndiyo sababu namwogopa mtu anayepima afya ya bandari kwa kuhesabu vichwa vya ndege peke yake. Mwanga unaweza kuwavuta. Maji taka yanaweza kuwanenepesha minyoo na hivyo kuwajaza ndege kwa miaka kadhaa. Hata kufukia ghuba jirani kunaweza kuongeza hesabu yako, kwa kuwa umepokea wakimbizi. Idadi inapanda huku hali inashuka. Ukitaka kujua ukweli, uliza uzito wao, na uliza wangapi wamerudi mwakani.

Kutengeneza hiyo "kwingine"

Mwaka 2018 China ilisitisha ufukiaji wa bahari wa kibiashara, na kuanzia 2019 sehemu za tope la Bahari ya Njano zikaanza kuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, zikifuatwa na za Korea Kusini mwaka 2021. Hilo ndilo tiba kubwa, na ni rahisi kulieleza: acha tope lililobaki. Lakini bandari haziwezi kusimama zote, na palipo na ujenzi kuna kazi ya mikono inayowezekana. Domomwiko wa uso mweusi, waliokuwa chini ya 300 mwishoni mwa miaka ya 1980, walivuka 6,000 kufikia 2022. Baadhi yao huzaliana Incheon, katikati ya viwanda, kwenye kisiwa kidogo kilichotengenezwa na watu ndani ya bwawa. Bandari ya Los Angeles nayo imetenga kipande cha mchanga ndani ya eneo lake kwa ajili ya buabua wadogo wanaotaga chini.

Kazi hiyo ya mikono hukwama Roberts Bank, kule kwa walamba utando. Aprili 2023 serikali ya Kanada iliidhinisha gati jipya la kontena kwa masharti 370. Wanasayansi wa wizara ya mazingira walikuwa wameonya kwamba kubadilisha mtiririko na chumvi ya maji kunaweza kuharibu utando huo bila uwezekano wa kuurudisha. Masharti 370 ni mengi, lakini hakuna mkandarasi anayejua kumwaga diatomu kama anavyomwaga zege.

Mchanga ni rahisi kuliko tope, na kisa cha mchanga kipo Virginia, Marekani, mlangoni mwa bandari ya Hampton Roads. Kisiwa kilichojengwa kwa ajili ya barabara inayopita chini ya bahari kilikuwa kimegeuka, tangu miaka ya 1980, koloni la ndege wapatao 25,000: buabua wakubwa, shakwe, na wale ndege wa ajabu ambao mdomo wa chini ni mrefu kuliko wa juu, wanaouburuza majini kuchota samaki. Barabara ilipohitaji kupanuliwa, kisiwa kikawekwa lami, na wakati huo tafsiri ya serikali kuu ilikuwa kwamba sheria ya ndege wahamao haikatazi madhara yasiyokusudiwa. Mwezi Februari 2020 jimbo liliamua kushughulika hata hivyo. Karibu na pale palikuwa na ngome ya zamani, Fort Wool, kwenye kisiwa chake. Wakaondoa panya. Wakang'oa majani, wakamwaga mchanga. Kwa kuwa hapakutosha, wakaleta matishari, yale yale mapana yasiyo na injini ya kubebea mizigo bandarini, wakayamwagia mchanga na kokoto, wakayatia nanga kando ya ngome. Wakasimika sanamu za buabua na spika za kupiga milio yao, maana buabua hatui kwenye mji usio na watu. Kwenye kisiwa cha zamani wakaachia mbwa wa kuchunga kondoo ili ndege watakaorudi kwa mazoea wasitue palipojaa mashine.

Majira ya kuchipua ndege walifika kutoka kusini. Walizunguka juu ya lami na mbwa, wakasikia milio upande wa pili wa maji, wakaenda. Walitaga Fort Wool na juu ya matishari. Yule mtu wa mabawa angesema, sikuwaambia? Na safari hii angekuwa sahihi, ila palipaswa kuwa na mtu aliyemwaga mchanga kabla yao. Tishari halikai kama kisiwa. Msimu wa kutaga ulipokaribia tena, lilivutwa hadi pale, likatiwa nanga, likasubiri.